Drili iliyotumika ya kupanda ngano bila kulima: kuinunua, kuitengeneza na kuitunza

Ukienda kuangalia drili, yaani mashine ya kupandia inayovutwa na trekta, vaa ovaroli. Karibu kila kitu unacholipia kiko chini, na hutakiona mpaka ulale chali. Rangi mpya na sanduku la mbegu lisilo na mkunjo havijawahi kuotesha ngano. Kinachootesha ngano ni mguu wa kupandia, na drili yangu ina miguu kumi na sita.

Ninalima ngano na shayiri upande wa Narok, na msimu ukiruhusu huwapandia majirani kwa malipo. Drili yangu ya kwanza niliinunua kwa macho. Ilikuwa imepakwa rangi vizuri sana, nikaivuta hadi nyumbani nikiwa na furaha, nikapanda ekari 40. Ngano ilitoka kwa mabaka: mstari mmoja umejaa, wa pili una mapengo, wa tatu mbegu zimelala juu ya mabua zikiliwa na ndege. Bushi za miguu, yaani vipete vya kwenye maungio, zilikuwa zimekwisha, viatu vya mbegu vimelika, na diski zilikuwa fupi kuliko nilivyodhani. Msimu ule nililipia drili mara mbili. Haya ninayoyaandika ni yale ambayo ningependa mtu angenieleza kabla sijatoa pesa.

Kwa nini drili hii haisamehi

Shamba lililolimwa na kupigwa haro limeshafanyiwa nusu ya kazi ya kupanda. Udongo umelegea, mabua yamefukiwa, na hata mashine iliyochakaa itapata mahali pa kudondosha mbegu. Kwenye shamba lisilolimwa, kila mguu unapaswa kukata mabua, kufungua mfereji, kuweka mbegu kwenye unyevu kwa kina kilekile, kuishindilia na kuifukia, yote kwa kufumba na kufumbua. Diski ikiwa butu au mguu ukitikisika, hakuna kitu kinachokuja nyuma yake kurekebisha.

Tukubaliane majina kwanza. Diski ndiyo inayofungua mfereji. Kiatu cha mbegu ni kile kipande cha chuma kinachogusa diski ubavuni na kuteremsha mbegu chini. Kando ya diski kuna gurudumu la kupimia kina, ambalo huizuia isizame kupita ulivyopanga. Nyuma yake huja gurudumu jembamba la kushindilia mbegu ndani ya mfereji, kisha gurudumu la kufukia. Hivyo ndivyo ulivyo mguu wa diski moja, kama wa John Deere 750A, ambayo ni drili inayojulikana sana Uingereza na Ulaya. Great Plains hutumia diski mbili zilizokutana kwa mbele kama herufi V, na mara nyingi huwa na diski nyingine ya kukata mabua inayotangulia. Ziko pia Semeato za Brazil. Wabrazili wana uzoefu mrefu: Herbert Bartz wa Rolândia, jimbo la Paraná, alianza kupanda bila kulima mwaka 1972 kwa mashine ya Allis-Chalmers aliyoiagiza kutoka Marekani, baada ya kuona mvua ikimbebea udongo. Yeyote anayelima kwenye miteremko yetu ya Mau anaelewa hofu hiyo bila kuelezwa.

Kuikagua kabla ya kulipa

Omba drili iinuliwe na ifungwe kwa kizuizi cha silinda au iwekwe juu ya magogo imara. Usiingie chini ya mashine iliyoshikiliwa na mafuta ya haidroliki pekee. Hozi ikipasuka, hutapata nafasi ya kutoka.

Anza na diski. Beba futi ya chuma upime upana wake toka ukingo hadi ukingo. Diski ya mguu wa diski moja kama wa 750A huwa inchi 18 ikiwa mpya. Ikiwa imepoteza inchi moja, anza kuweka bei ya diski mpya kwenye hesabu yako. Ikiwa imepoteza zaidi ya hapo, idai kwenye bei ya mashine. Pima kila mguu, usipime mmoja ukaamini mingine. Muuzaji mjanja hubadilisha diski nne za pembeni zinazoonekana na kuziacha za katikati. Diski ndogo ina tatizo jingine zaidi ya kutokata: kiatu cha mbegu huanza kuwa chini ya makali yake, kikaburuta ardhi na kusukuma mabua.

Kisha shika diski kwa mikono miwili, kushoto na kulia, ukiwa umevaa glavu za ngozi, uitikise. Ikicheza, beringi imekwisha. Izungushe usikilize: sauti ya mchanga ni beringi, kimya ni afya. Halafu shika mguu mzima uusukume ubavuni. Hapa ndipo nilipokosea mimi. Mguu unaoyumba una bushi zilizolika pale unaposhikana na fremu, na mguu unaoyumba haupandi mstari ulionyooka wala hauweki diski kwenye pembe yake. Kubadilisha bushi na pini za miguu 16 ni kazi ya siku kadhaa, na kwenye mashine iliyoshika kutu hutatoa pini bila moto na nyundo kubwa.

Kwenye mguu wa diski moja, angalia kiatu kinavyolala. Kinapaswa kuegemea diski kabisa; ukiona mwanga kati yao, udongo na mabua vitaingia hapo. Zungusha gurudumu la kina kwa mkono: linapaswa kugusa diski kidogo, kiasi cha kuivuta izunguke nalo kwa shida. Lisipogusa, tope litapita katikati. Likibana sana, mpira wake utakwisha upesi. Kwenye mguu wa diski mbili, tumia vipande viwili vya karatasi ngumu. Vitelezeshe kati ya diski, kimoja kutoka mbele na kingine kutoka nyuma, mpaka vikwame. Nafasi iliyobaki kati ya karatasi ndiyo urefu wa mguso. Inchi moja hadi mbili ni nzuri. Karatasi zikikutana, diski hazigusani tena, na mfereji utakuwa na kigongo katikati badala ya kuwa V safi.

Fremu ipitishie tochi. Ufa kwenye chuma hutoa mstari mwembamba wa kutu unaochungulia hata kwenye rangi mpya, hasa karibu na mahali palipochomelewa na pale mkono wa kuvutia unaposhikana na fremu. Fungua sanduku la mbolea uguse sakafu yake kwa kidole. DAP na CAN hufyonza unyevu na kula chuma polepole, na sanduku lililotoboka ni kazi ya kukata na kuchomelea upya. Mwishowe inua tairi linaloendesha mashine, lizungushe kwa mkono, na utazame kila rola ya mbegu, ile inayopimia mbegu kuingia kwenye mrija, ikizunguka. Ile iliyosimama ina pini iliyokatika au shafti iliyokwama.

Jambo la mwisho kabla ya bei: namba ya mashine na kitabu cha spea. Beringi nyingi zina namba iliyochongwa ubavuni, na kwa namba hiyo utaipata Nakuru, Eldoret au Kirinyaga Road, Nairobi. Lakini diski, viatu na bushi ni vya kampuni husika. Kabla hujanunua, piga simu uulize nani anavyo na vinachukua muda gani kufika. Mashine nafuu ambayo spea zake zinaletwa kwa meli itakuacha shambani wiki ambayo mvua imefika.

Kuhusu trekta, drili ya mita 3 ya kuvutwa ni nzito kuliko inavyoonekana. Weka akilini hosipawa 100, na zaidi kwenye miteremko, pamoja na njia za kutosha za haidroliki kwa kuinua na kwa shinikizo la miguu. Breki za trekta zikaguliwe pia, kwa kuwa drili iliyojaa mbegu na mbolea hukusukuma ukishuka.

Matengenezo: miezi miwili kabla ya mvua

Wengi tunangoja mawingu ndipo tuvute drili kutoka bandani. Wakati huo fundi mzuri ana foleni, na duka limeishiwa na diski unazotaka. Tunaopanda na mvua ya Machi tunapaswa kuwa chini ya mashine Januari. Uasin Gishu, ambako ngano nyingi huingia ardhini Juni na Julai, anza Aprili.

Fanya mguu mmoja kwa ukamilifu kabla ya kugusa wa pili. Toa gurudumu la kina, toa diski, safisha, badilisha beringi iliyokwisha, rudisha, kaza. Ukitawanya miguu yote kwa siku moja utachanganya vipande. Kwenye drili za diski moja, nusu ya miguu hutazama kushoto na nusu kulia, na viatu vyake havibadilishani. Kushoto na kulia huhesabiwa ukitazama upande trekta inakoelekea. Waambie hivyo unapoagiza spea, maana kurudisha kifurushi kisicho sahihi kunakula wiki nzima.

Diski zibadilishe zote kwa pamoja kama mfuko unaruhusu. Mfuko usiporuhusu, weka mpya kwenye miguu inayofuata njia ya tairi za trekta, kwa sababu pale ardhi imeshindiliwa na diski hupata kazi ngumu zaidi. Zile zilizolika kidogo zihamishie kwingine. Sikushauri kunoa diski iliyopungua kwa grainda. Inapata makali ya siku chache na kupoteza upana usiokuwa nao.

Mirija ya mbegu ichunguze mmoja mmoja. Panya huitoboa, nyigu hujenga ndani, buibui hutanda. Mimina mbegu kidogo juu ya kila mrija na uone ikitoka chini bila kusita. Cheni zitoe, zioshe kwa dizeli, zipake oili, na ukague meno ya gia zake: yakiwa yamechongoka kama meno ya samaki, badilisha gia pamoja na cheni. Hozi za haidroliki zilizopasuka ngozi zibadilishe. Ukitafuta pa kuvujia, tumia kipande cha katoni na si kidole. Mafuta yenye shinikizo hupenya ngozi kama sindano, na jeraha lake ni la kukimbizwa hospitali hata kama linaonekana dogo.

Tairi mbili zinazoendesha mashine ziwe za ukubwa mmoja na pumzi sawa. Tairi moja ikiwa laini, mzunguko wake hufupika na kipimo chote cha mbegu hupotea.

Kupima mbegu

Jedwali lililobandikwa kwenye kifuniko cha sanduku lilitengenezwa kwa mbegu za kwao na mashine mpya. Litumie kama pa kuanzia tu. Mimi hupima upya kila ninapobadilisha aina ya mbegu, na hata mfuko mpya wa aina ileile, kwa sababu ukubwa wa punje na dawa iliyopakwa hubadilisha mtiririko. Nitatumia drili yangu kama mfano: miguu 16, nafasi ya sentimita 19 kati ya mistari, upana wa mita 3.04.

1. Weka mbegu sandukuni, teremsha drili shambani, tia alama ya chaki kwenye tairi, na uivute mpaka tairi izunguke mara 10. Pima umbali. Wangu ulikuwa mita 23.5, yaani mita 2.35 kwa kila mzunguko. Usipime tairi kwa kamba ikiwa haina mzigo, itakudanganya.

2. Tafuta umbali unaofanya mita za mraba 100. Mia moja gawanya kwa 3.04 ni mita 32.9. Gawanya hiyo kwa 2.35, unapata mizunguko 14.

3. Inua drili, ifunge salama, weka turubai au mifuko chini ya mirija. Zungusha tairi mara chache mpaka mbegu zijae kwenye rola, mwaga hizo, kisha zungusha mara 14 kwa mwendo wa kawaida.

4. Pima uzito wa mbegu zote. Kila kilo moja hapo ni kilo 100 kwa hekta, au takriban kilo 40 kwa ekari. Ukipata kilo 1.1, unapanda kilo 110 kwa hekta, karibu kilo 44 na nusu kwa ekari, kiwango cha kawaida kwa ngano kwetu.

5. Usiishie kwenye jumla. Pima pia kila mrija peke yake. Kwa mfano huu kila mmoja unapaswa kutoa karibu gramu 69. Mrija unaotoa 55 una rola iliyolika, au mlango wake mdogo wa chini hauko sawa na mingine. Jumla inaweza kuwa sahihi na shamba likawa na mistari yenye njaa.

Rudia mpaka upate majibu yanayofanana mara mbili mfululizo. Mbolea ipime vivyo hivyo, sanduku lake peke yake. Na urea usiiweke kwenye mfereji mmoja na mbegu, itaunguza chipukizi. Mbegu zilizopakwa dawa zishike kwa glavu na barakoa, na mabaki yake yasifike kwa kuku.

Siku ya kupanda

Kazi ya siku hii ilianza wakati wa kuvuna. Kombaini ikiacha mabua kwenye tuta nyuma yake, hakuna drili itakayopita vizuri. Mabua yakatwekatwe na kutawanywa kwa upana wote wa kichwa cha kombaini. Kwetu mabua huliwa na ng'ombe, na sipingi hilo, ni ujirani. Lakini elewana na wachungaji mapema kwamba mvua ikianza ng'ombe watoke. Kwato kwenye ardhi yenye maji huacha mashimo magumu ambayo mguu wa drili utaruka juu yake.

Usianze alfajiri. Bua lenye umande halikatiki. Diski hulikunja na kulisukuma ndani ya mfereji, na mbegu hulala juu yake kama kwenye kitanda, bila kugusa udongo. Ngoja jua likaushe, mara nyingi saa nne hivi. Chukua bua ulikunje mkononi: likivunjika kwa sauti, endelea. Chukua pia udongo wa kina cha mbegu uufinyange. Ukitoa utepe unaong'aa na kunata, ardhi haijawa tayari. Diski itapaka kuta za mfereji kama sahani, na jua likiwaka mfereji utafunguka na kuonyesha mbegu. Udongo mweusi ndio mbaya zaidi kwa hili, na ndiko nimejifunza kukaa nyumbani siku moja zaidi.

Panda mita 30, simama, shuka. Ngano inataka sentimita 3 hadi 5. Fukua nyuma ya kila mguu kwa kisu, pima kutoka usawa wa ardhi hadi kwenye mbegu. Hakikisha fremu imelala sawa. Ikiinama mbele au nyuma, pembe ya kila mguu imebadilika. Halafu, drili ikiwa bado ardhini na trekta imezimwa, jaribu kuzungusha gurudumu la kina kwa mkono. Likizunguka bila kukataa, shinikizo ni dogo na diski inaelea. Ongeza mpaka likatae. Ukizidisha, fremu itainuka na tairi zinazoendesha mashine zitateleza, mbegu zipungue bila wewe kujua. Miguu iliyo nyuma ya tairi za trekta ipewe springi ngumu kidogo kuliko mingine.

Mwendo uwe kati ya kilomita 6 na 8 kwa saa. Kwa kilomita 7 na upana wa mita 3, ukitoa muda wa kujaza na kugeuza, utapanda ekari 3 na nusu hadi 4 kwa saa. Anayekimbia zaidi huona ekari nyingi jioni na mapengo baada ya wiki mbili.

Kuna kosa moja linaloziba drili kuliko mengine yote: kurudi nyuma miguu ikiwa chini. Viatu hujaa tope papo hapo. Iteremshe drili trekta ikiwa inasogea mbele, iinue kabla ya kusimama na kukata kona. Mtu wa pili atembee nyuma mara kwa mara akitazama mirija. Mguu mmoja ulioziba kwa ekari 20 ni mstari ambao utauona mpaka mavuno.

Kila jioni, na msimu ukiisha

Jioni toa mbolea yote sandukuni, hata kama kesho mtaendelea. Usiku mmoja wa unyevu hugeuza DAP kuwa jiwe juu ya rola, na asubuhi ukizungusha, shafti inakatika. Tia grisi sehemu zote zinazoihitaji mpaka ile ya zamani ichungulie, isipokuwa kwenye beringi zilizofungwa, ambazo ukizilazimisha grisi unapasua mpira wake wa kuzuia vumbi. Pitia nati za magurudumu na za diski.

Msimu ukiisha, osha sanduku la mbolea kwa maji mengi, liache wazi juani mpaka likauke kabisa, kisha lipake mafuta mepesi. Sanduku la mbegu lifagie hadi punje ya mwisho, kwa kuwa punje ndiyo inayowaleta panya kwenye mirija. Diski zipake grisi. Legeza springi, rudisha silinda ndani ili fimbo zake zinazong'aa zisishike kutu, na uishushe drili juu ya mbao, chini ya paa, tairi zikiwa kivulini.

Nina daftari bandani lenye kurasa za kila mguu. Ninaandika ekari zilizopandwa, upana wa diski mwanzo na mwisho wa msimu, na beringi iliyobadilishwa lini. Kwa daftari hilo najua diski zangu hula kiasi gani kwa kila ekari mia, na jirani akiuliza bei ya kumpandia, naweka chuma kinacholika ndani ya hesabu pamoja na dizeli na dereva. Mwaka huu miguu inayofuata tairi za trekta ndiyo iliyolika zaidi, na diski zake mpya ziko tayari kwenye rafu.